Roald Amundsen: Aliyefika Ncha ya Kusini baada ya kukubali kurudi nyuma

Usiku wa Septemba 16 mwaka 1911, ndani ya kibanda cha mbao kilichofunikwa na theluji kwenye ukingo wa bara la Antaktika, watu saba walikuwa wameshavua viatu na kuota moto. Wenzao wawili walikuwa bado hawajarudi. Huko nje giza lilikuwa limetanda na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba siku chache kabla maji ya ndani ya dira yaliganda. Wale wawili hawakuwa na jiko, hawakuwa na mafuta ya taa, na hawakuwa na chakula. Mmoja wao visigino vyake vilikuwa vimeganda kwa baridi.

Kiongozi wa msafara hakuwa nje pamoja nao. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kibandani, tangu saa kumi jioni.

Kiongozi huyo ni Roald Amundsen, raia wa Norway, ambaye miezi mitatu baadaye aliongoza watu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Jina lake wengi mnalijua kutoka masomo ya jiografia. Wasikilizaji kadhaa wametuuliza alikuwa mtu wa namna gani, na aliwezaje kuwapeleka watu mahali kama pale na kuwarudisha wote wazima. Tunaposimulia maisha yake tutakaa zaidi kwenye jambo hilo la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa kazi yake hasa. Alikuwa mtu wa kuongoza wenzake kwenye theluji isiyo na njia, juu ya skii, yaani zile mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni ili mtu ateleze badala ya kuzama.

Amundsen alizaliwa Julai 16 mwaka 1872 huko Borge, kusini mashariki mwa Norway, katika ukoo wa manahodha na wenye meli. Baba yake alifariki akiwa na miaka 14. Mama yake hakutaka mtoto huyu aende baharini kama wengine, alitaka awe daktari, na kijana akaingia chuo kikuu kusomea udaktari. Moyo wake haukuwa huko. Mama alipofariki mwaka 1893, kijana akiwa na miaka 21, aliacha masomo na hakurudi tena.

Mwanzoni alikuwa mzembe. Tunalisema hilo bila kumwonea, maana yeye mwenyewe alilikiri katika kitabu cha maisha yake. Mwezi Januari mwaka 1896 yeye na kaka yake Leon walijaribu kuvuka kwa skii uwanda wa juu wa Hardangervidda, eneo pana lisilo na watu ambalo wakati wa baridi hupigwa na dhoruba bila kizuizi. Walichukua chakula kidogo wakidhani safari ni ya siku chache. Dhoruba ikawashika, njia ikawapotea, na usiku mmoja mifuko ya chakula waliyoiweka nje ikafukiwa na theluji wasiione tena. Usiku mwingine Amundsen alijichimbia shimo kwenye theluji laini akaingia humo kulala. Theluji ile yenye majimaji iliganda wakati amelala, na alipoamka hakuweza kujigeuza wala kuinua mkono. Ilimbidi kaka yake achimbe kwa muda mrefu ndipo amtoe.

Walirudi hai, wakiwa wamekonda vibaya. Ukiangalia safari zake zote zilizofuata utaona kama mtu anayelipa deni la siku zile.

Mwaka 1897 alipata kazi ya unahodha msaidizi katika meli ya Belgica, ya msafara wa Wabelgiji kwenda Antaktika. Meli ilinaswa kwenye barafu na mabaharia wakakaa humo majira yote ya baridi, watu wa kwanza kupata mkasa huo upande ule wa dunia. Kiseyeye kikaingia. Huu ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, fizi huvimba na nguvu huisha. Daktari wa meli, Mmarekani Frederick Cook, aliwataka wale nyama mbichimbichi ya sili na pengwini, wakati viongozi wa safari waliichukia nyama hiyo. Wengine walikuwa karibu kufa ndipo wakakubali, na waliokula walipona. Amundsen alikuwa na miaka 25 tu, na aliona kwa macho yake jinsi watu wenye cheo wanavyoweza kuangamia kwa sababu ya kukataa chakula kilichopo mbele yao.

Safari yake mwenyewe ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1903 hadi 1906. Akiwa na wenzake sita kwenye chombo kidogo kilichoitwa Gjøa, alipita Njia ya Kaskazini Magharibi, mkondo wa bahari juu ya Kanada ambao meli zilikuwa zimeutafuta kwa karne nyingi, na nyingine hazikurudi. Kwa majira mawili ya baridi alikaa kwenye kisiwa cha King William, jirani na Wainuiti wa jamii ya Netsilik. Hapo akawa mwanafunzi. Alijifunza kwao kuvaa nguo za ngozi zilizolegea ili hewa ipite na jasho lisigande mwilini, kuwaendesha mbwa, kujenga nyumba za theluji, na kutofanya kazi hadi kutoka jasho. Wazungu wengi wa wakati ule walipita kwa watu hao na kuwaona washamba. Yeye alichukua daftari.

Mwaka 1909 alikuwa anajiandaa kwenda Ncha ya Kaskazini na meli ya Fram, aliyoazimwa na Fridtjof Nansen, mpelelezi maarufu kuliko wote nchini kwake. Ndipo magazeti yakatangaza kwamba Wamarekani wawili, yule Daktari Cook na Robert Peary, kila mmoja anadai ameshafika. Amundsen akabadili mpango kwa siri. Aliondoka Norway mwaka 1910 akiwa amewaacha Nansen, wafadhili na serikali wakiamini kwamba anaelekea kaskazini. Hata mabaharia wake wengi hawakujua. Walipofika kisiwa cha Madeira mwezi Septemba aliwakusanya, akawaambia kwamba wanakwenda kusini, akamwuliza mmoja mmoja kama yuko tayari. Wote walikubali. Alimpelekea pia simu ya maandishi Kapteni Robert Scott wa Uingereza, ambaye tayari alikuwa njiani kuelekea Ncha hiyohiyo.

Hapo sisi hatumsifu. Kuwauliza watu hiari yao wakiwa tayari wamo melini, mbali na kwao, si sawa na kuwauliza wakiwa nyumbani. Lakini pia tangu siku ile kila alichofanya kilifanywa na mtu anayejua kwamba yuko kwenye mashindano, na kwamba asipofanikiwa atarudi kama mwongo tu. Presha hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye kosa la Septemba.

Meli ilifika Ghuba ya Nyangumi, Antaktika, Januari 1911. Wakajenga kibanda chao, wakakiita Framheim. Kabla giza la baridi halijaingia, kati ya Februari na Aprili, walisafirisha kwa mbwa karibu tani tatu za chakula na mafuta na kuziweka kwenye stoo tatu za njiani, kwenye mistari ya nyuzi 80, 81 na 82 Kusini. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 111.

Angalia namna stoo hizo zilivyowekwa alama. Kila mtu huweka bendera moja juu ya stoo. Amundsen alichomeka mstari mzima wa bendera kukatisha njia, kulia na kushoto kwa kilomita kadhaa, na kila moja ilikuwa na alama ya kuonyesha stoo iko upande gani. Alijua kwamba watu wakirudi watakuwa wamechoka, kutakuwa na ukungu, na watakosea. Kwa hiyo hakuwatega wasikosee. Aliweka mambo ili hata wakikosea kwa kilomita kadhaa wakutane na bendera.

Kisha jua likazama kwa miezi minne. Ndani ya kibanda mpishi Adolf Lindstrøm aliwapa nyama ya sili kila siku na chapati za maji asubuhi. Olav Bjaaland, fundi seremala na bingwa wa skii kutoka Telemark, aliziranda sleji, yale magari ya kukokotwa kwenye theluji, hadi uzito wake ukapungua kwa zaidi ya nusu. Kila mtu alikuwa na kazi. Ila kiongozi hakulala vizuri. Scott alikuwa na magari yenye injini, na Amundsen aliwaza kila siku kwamba huenda magari hayo yameshaondoka.

Jua liliporudi mwishoni mwa Agosti alitaka kuondoka mara moja. Hjalmar Johansen alipinga. Huyu hakuwa mtu wa kupuuzwa, kwani mwaka 1895 alitembea na Nansen kwenye barafu ya kaskazini hadi mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, na wakaishi majira mazima ya baridi kwenye kibanda cha mawe. Kwa habari ya barafu alikuwa na uzoefu kuliko Amundsen. Alisema ni mapema mno, baridi bado haijavunjika.

Waliondoka Septemba 8, watu wanane, mpishi peke yake akabaki. Siku za kwanza hali ilikuwa ya kuvumilika. Halafu kipimo kikashuka hadi nyuzi 56 chini ya sifuri. Mbwa walishindwa kusimama asubuhi. Amundsen alifanya uamuzi mgumu kwa mtu mwenye haraka, wa kwenda hadi stoo ya nyuzi 80, kushusha mizigo na kurudi. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi, na viongozi wengi wameshindwa kuufanya.

Namna walivyorudi ni habari nyingine. Asubuhi ya Septemba 16 walikuwa wamebakiza zaidi ya kilomita 60. Amundsen, ambaye hakuwa na sleji yake, alipanda ya Oscar Wisting, na pamoja na Helmer Hanssen waliokuwa na mbwa wenye nguvu wakatimua mbio. Hakuna aliyewaambia walio nyuma mpango ni upi. Msafara ukakatika vipandevipande. Nyuma kabisa alibaki Kristian Prestrud, luteni wa jeshi la majini, mbwa wake wamekwisha na miguu yake imeganda. Johansen alipomwona yuko peke yake alimsubiri. Walitembea pamoja gizani, wakaingia kibandani saa sita na nusu usiku.

Asubuhi yake, wakati wa kifungua kinywa, Johansen alisema mbele ya wote kwamba kiongozi hapaswi kuwaacha watu wake namna ile. Hakuna aliyeweza kusema ni uongo. Amundsen hakumsamehe. Alimwondoa kwenye kundi la Ncha, akampangia kwenda kupima ardhi ya upande wa mashariki pamoja na Jørgen Stubberud, chini ya uongozi wa Prestrud, yuleyule kijana aliyeokolewa naye.

Tumelijadili jambo hili sana studioni na hatukukubaliana. Wapo waliosema msafara hauwezi kuwa na sauti mbili kule kwenye barafu, na ni kweli kwamba kupunguza watu kutoka wanane hadi watano kulifanya chakula cha kwenye stoo kiwe kingi kupita mahitaji. Mwandishi wa makala haya anaona vingine. Johansen alikuwa amesema ukweli mara mbili, kabla ya safari na baada yake, na mara zote mbili aliadhibiwa kwa kuusema. Aliporudi Norway alikuwa mtu aliyevunjika. Alijiua Januari 1913.

Na hata hivyo somo la Septemba lilimwingia Amundsen. Kundi la pili liliondoka Oktoba, watu watano, sleji nne na mbwa 52. Yeye, Bjaaland, Hanssen, Wisting na Sverre Hassel. Safari hii hakukuwa na mbio. Walikwenda kilomita 30 hivi kwa siku, saa tano au sita za mwendo, kisha wakapiga hema hata kama hali ya hewa ni nzuri na nguvu bado ipo. Muda uliobaki ulikuwa wa kula na kulala. Mtu mwenye mpinzani njiani anahitaji moyo wa jiwe kusimama saa nane mchana.

Njiani walijenga nguzo za theluji zenye urefu wa mtu, 150 kwa jumla, na ndani ya kila moja wakaweka karatasi yenye namba na mwelekeo wa nguzo iliyopita. Kila mstari wa nyuzi walifanya stoo nyingine, hivyo mzigo ukapungua na njia ya kurudi ikajaa chakula.

Hatari kubwa ya barafu ile ni nyufa. Barafu inapotembea polepole kutoka milimani hupasuka, nyufa nyingine zina kina cha kumeza jengo la ghorofa, na upepo huzifunika kwa theluji kama mkeka uliotandikwa juu ya shimo. Mtu akikanyaga kwa mguu anatoboa. Akiwa juu ya skii uzito wake umesambaa, mara nyingi anapita. Siku za mwanzo tu sleji ya Bjaaland ilitumbukia wakaishikilia kwa kamba, na Wisting akashushwa chini kuipakua kitu kimoja kimoja. Kabla ya Ncha walivuka uwanda waliouita Ukumbi wa Dansi wa Shetani, ambako chini ya ganda la juu kulikuwa na uwazi, na chini ya uwazi huo ganda jingine, na kila hatua ililia kama unatembea juu ya debe tupu.

Kufika juu ya uwanda wa bara walipanda mto wa barafu wa Axel Heiberg, ambao hakuna mtu aliyewahi kuupita. Juu walichinja zaidi ya nusu ya mbwa, kama ilivyopangwa tangu Framheim, wakabaki na 18. Waliochinjwa wakawa chakula cha watu na cha mbwa wenzao. Watu wenyewe waliona uchungu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amewalea mbwa wake tangu melini, na mahali pale wakapaita Buchani. Inachefua kusoma. Ilikuwa sehemu ya hesabu iliyowarudisha hai.

Desemba 8 walipita mahali alipogeukia Ernest Shackleton Januari 1909. Mwingereza huyo alikuwa amebakiza kama kilomita 180 afike, akahesabu chakula, akaona atafika lakini hatarudi, akageuka na wenzake watatu wote wakiwa hai. Amundsen alisimamisha msafara wakapeperusha bendera hapo. Alimheshimu Shackleton kwa uamuzi huo maisha yake yote.

Walifika Ncha ya Kusini Desemba 14 mwaka 1911. Wote watano walishika mti wa bendera kwa pamoja wakauchomeka. Kwa siku tatu walipima jua, na watatu kati yao walitumwa kwa skii pande tatu tofauti ili kuhakikisha kwamba wameizunguka Ncha yenyewe. Wakaacha hema dogo, wakarudi. Januari 25 mwaka 1912 waliingia Framheim na mbwa 11, baada ya siku 99. Hakuna aliyekufa, na chakula kilikuwa kimebaki.

Scott alilikuta lile hema Januari 18. Yeye na wenzake wanne walikufa wakati wa kurudi. Sababu ni nyingi, na baridi ya Machi ile ilikuwa ya kupindukia, lakini mbili zinahusu maamuzi. Stoo yao kubwa iliwekwa kama kilomita 56 kabla ya mahali ilipopangwa, kwa sababu farasi walikuwa wamechoka, ingawa Kapteni Oates alishauri waendelee. Na dakika za mwisho Scott alichukua watu watano wakati chakula kilifungwa kwa watu wanne wanne. Hema lao la mwisho lilikuwa kama kilomita 20 kutoka kwenye stoo hiyo.

Miaka iliyofuata Amundsen alihamia kwenye ndege. Mwaka 1925 yeye na wenzake watano walikwama kwenye barafu ya kaskazini, wakachimba na kusawazisha uwanja kwa zaidi ya wiki tatu hadi ndege moja ikaruka na wote sita. Mei 1926 alivuka Ncha ya Kaskazini kwa puto kubwa lenye injini, Norge, lililoendeshwa na Muitaliano Umberto Nobile. Baadaye wawili hao waligombana hadharani kuhusu nani mwenye sifa, na Amundsen alimwandika vibaya katika kitabu chake.

Mei 25 mwaka 1928 puto jingine la Nobile, Italia, lilianguka kwenye barafu. Manusura walikuwa na redio ndogo ya mawimbi mafupi, na mtu wa kwanza kuunasa mwito wao alikuwa kijana wa Kirusi, Nikolai Schmidt, aliyekuwa akichezea redio aliyoiunda mwenyewe kijijini. Habari hiyo sisi wa redio hatuwezi kuiruka.

Amundsen alikuwa na miaka 55, amestaafu, ana madeni. Alipoulizwa kama atakwenda kumtafuta Nobile alikubali papohapo. Mtu aliyewahi kupanga bendera kwa kilomita ili asipotee, safari hii aliondoka kwa maandalizi ya siku chache, kwenye ndege ya majini ya Wafaransa aina ya Latham 47 ambayo haikuundwa kwa ajili ya barafu. Waliruka kutoka Tromsø alasiri ya Juni 18, watu sita. Saa chache baadaye redio yao ilinyamaza.

Nobile aliokolewa na rubani Mswidi siku sita baadaye, na wenzake waliobaki kwenye barafu walichukuliwa na meli ya Kirusi Krasin mwezi Julai. Mwisho wa Agosti wavuvi wa kaskazini mwa Norway waliokota baharini boya la chini ya bawa. Lilikuwa la ile Latham. Amundsen na wenzake watano hawajapatikana hadi leo.